Mgeni katika Nyumba ya Mkulima

1. Wageni wa namna mbili

Mji wa Uvira umekaa kati ya ziwa na milima. Upande wa mashariki ni maji ya Tanganyika. Upande wa magharibi ni milima mirefu. Nafasi ya kujenga iliyo kati yao ni nyembamba. Kilibula ni mtaa mmoja wa mji huo. Watu ni wengi, na vyumba si vingi. Hata hivyo ni vigumu kuona nyumba isiyopata mgeni. Leo amefika shangazi kutoka Fizi. Kesho atafika mtoto wa ndugu anayetafuta shule. Kesho kutwa atafika mchuuzi aliyekosa mashua ya kumrudisha Baraka.

Mgeni wa namna hiyo haulizwi fedha. Hupewa maji ya kuoga na mahali pa kulala. Hupewa bugali na ndagala, na sombe kama ipo. Watoto humwachia kitanda chao, wakalala kwenye mkeka bila kunung'unika. Asubuhi mama humwuliza, "Umelalaje?" Naye hujibu, "Nimelala salama, mama." Kisha hunywa chai kabla ya kuondoka, kwa maana ni aibu kumwacha mgeni ashike njia na tumbo tupu.

Lakini hata mgeni ndugu ana sheria yake. Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumfukuza. Maana yake ni kwamba mtu anayekaa katika nyumba ya mwingine hana budi kushika kazi pamoja na wenyeji. Akishika jembe, si mzigo tena. Amekuwa mtu wa nyumba.

Kuna na mgeni wa namna ya pili. Huyu hana ndugu katika nchi. Ametoka mbali kwa kutaka kuona maisha ya watu. Hataki kulala katika hoteli kubwa ya mjini. Ataka kulala katika nyumba ya mkulima, ale chakula cha shamba, aone ng'ombe wakikamuliwa, na asubuhi anywe chai mezani pa wenyeji. Naye hulipa fedha kwa kila usiku.

Somo hili ni la mgeni huyo wa pili. Linauliza jambo moja: Fedha zikiingia katika ukarimu, ukarimu hufa? Au vyaweza kukaa pamoja katika nyumba moja? Wako watu waliokwisha kujaribu, wengine karibu, wengine mbali sana. Mambo yao yafaa kujulikana.

2. Kwa nini mkulima hupokea mgeni wa kulipa

Mkulima hapati fedha kila siku. Hulima, hupanda, hupalilia, kisha hungoja. Mavuno yakija, huuza mara moja au mara mbili kwa mwaka. Tena bei haiko mikononi mwake. Anaweza kufanya kazi vizuri kuliko mwaka uliopita, lakini akapata fedha kidogo kuliko mwaka uliopita.

Angalieni mfano wa kahawa. Katika nchi ya Tanzania uko mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa meta 5,895. Wachaga wanakaa katika mitelemko yake. Mwishoni mwa karne ya 19 mapadri wa misioni ya Kilema walipanda kahawa huko. Baadaye Wachaga wenyewe wakaipanda katika mashamba yao. Mwaka 1933 chama chao cha ushirika, kiitwacho KNCU, kilianzishwa ili wauze kahawa yao pamoja. Kwa miaka mingi kahawa ilijenga nyumba na kusomesha watoto.

Lakini nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilikuwa na mapatano yaliyozuia bei isianguke. Mwaka 1989 mapatano hayo yalivunjika. Bei ikaanza kushuka. Ilipofika mwaka 2001, bei ya kahawa katika dunia ilikuwa imeanguka vibaya. Mkulima wa Kilimanjaro hakuwa amefanya kosa lo lote. Mibuni yake ilizaa kama zamani. Lakini gunia lile lile halikutosha tena kulipa shule.

Wakulima wengine waling'oa mibuni wakapanda mahindi na mboga. Wengine walitafuta njia ya pili ya kupata fedha bila kuacha shamba. Njia moja ilikuwa kupokea wageni. Tangu mwaka 1995 kulikuwa na mpango wa namna hiyo katika Tanzania, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la Uholanzi liitwalo SNV. Watu wa vijiji wenyewe huwapokea wasafiri, huwapikia, na kuwaonyesha kazi zao. Ng'iresi, katika mitelemko ya mlima Meru, ni kimojawapo cha vijiji hivyo. Na katika miaka ya 2000 ushirika wa KNCU nao ulianza kupokea wageni katika mashamba ya kahawa. Kazi hiyo waliiita Kahawa Shamba.

3. Katika kihamba cha Mchaga

Shamba la Mchaga linalozunguka nyumba yake huitwa kihamba. Ni shamba dogo, lakini limejaa. Juu kabisa iko miti mirefu inayotoa kivuli na kuni. Chini yake iko migomba. Chini ya migomba iko mibuni. Chini ya mibuni iko viazi vikuu na mboga. Ng'ombe hawazurúri, hukaa zizini, nao huletewa majani na magome ya migomba. Mbolea yao hurudi shambani. Maji huja kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani, nayo huitwa mifongo.

Mgeni akifika hapo, haketi tu na kutazama. Mwenyeji humpa kikapu, akaenda naye kuchuma kahawa. Humfundisha kuchagua tunda jekundu na kuliacha la kijani. Kisha tunda humenywa kwa mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Mbegu huloweshwa, huoshwa, na kuanikwa juani. Kukauka kwake ni kazi ya siku nyingi, pengine juma moja, pengine mawili. Kwa hiyo mgeni hapewi kahawa aliyoichuma yeye mwenyewe. Hupewa iliyokwisha kukauka, akaitwanga katika kinu ili kutoa ganda la ndani. Halafu hupepetwa, hukaangwa katika chungu, na kutwangwa tena mpaka iwe unga. Mwisho huchemshwa, akanywa.

Wakati wa chakula hupewa ndizi. Labda ni mtori, yaani mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Jioni mikono yake inauma.

Mgeni huyo amelipa fedha, naye amepata nini? Kitanda, ndiyo, na chakula. Lakini amepata na jambo jingine. Huko kwao alikuwa akinunua kahawa dukani katika kopo, asijue ni mikono mingapi imeigusa. Sasa ameshika kinu, anajua. Wenyeji wa Kilimanjaro hawakusoma katika kitabu namna ya kumpokea mgeni huyo. Walifanya kama wazee wanavyosema: walimpa jembe. Tofauti ni hii tu, kwamba walimpa siku ya kwanza.

4. Waamishi wa Pennsylvania

Sasa chukueni ramani ya dunia. Tafuteni Marekani, na upande wake wa mashariki tafuteni jimbo la Pennsylvania. Katika jimbo hilo iko wilaya ya Lancaster. Ni nchi ya vilima vidogo, udongo mzuri, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Hapo wanakaa wakulima waitwao Waamishi.

Habari zao zilianza Ulaya. Mwaka 1525, katika mji wa Zürich nchini Uswisi, baadhi ya Wakristo walijitenga na wenzao kwa sababu ya ubatizo. Walisema mtu abatizwe akiwa mtu mzima. Serikali za wakati ule ziliwatesa na kuwafukuza. Wengi wao waliitwa Wamennonite. Mwaka 1693 walitengana tena wao kwa wao. Waliomfuata mzee mmoja aitwaye Jakob Ammann wakaitwa Waamishi, kwa jina lake. Katika karne ya 18 walianza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania, kwa maana huko kila mtu aliruhusiwa kushika dini yake.

Ndugu zao Wamennonite wanajulikana hata Afrika Mashariki. Mwaka 1934 Wamennonite waliotoka Lancaster walifika Shirati, karibu na ziwa Victoria, katika Tanganyika ya zamani. Kanisa lao liko Tanzania hata leo.

Waamishi walikuwa wachache, nao wameongezeka sana. Mwaka 2024 walihesabiwa kuwa karibu watu 400,000 katika Marekani na Kanada. Nyumbani husema Kijerumani cha namna yao. Shuleni watoto husoma Kiingereza. Shule zao nyingi zina chumba kimoja na mwalimu mmoja, nao huacha shule wamalizapo darasa la nane. Serikali ilitaka kuwalazimisha waendelee. Lakini mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali washike desturi yao.

Waamishi hawana motokaa. Husafiri kwa gari dogo linalovutwa na farasi. Katika Lancaster hulima kwa nyumbu. Hawaingizi nyumbani waya wa umeme wa serikali wala wa kampuni. Hawana televisheni. Mavazi yao ni ya rangi moja, bila mapambo. Kwa mwendo mfupi wengi hutumia kigari chenye magurudumu mawili ambacho mtu husimama juu yake na kukisukuma kwa mguu mmoja. Mtu wa Goma akikiona angekumbuka chukudu, ingawa chao ni cha chuma na cha Goma ni cha mti.

Watu wengine hudhani Waamishi hukataa kila kitu kipya. Sivyo. Wao hukiuliza kwanza kitu kipya: Wewe utaufanya nini ujamaa wetu? Simu ni mfano. Waliona kwamba simu ya nyumbani huvunja maongezi ya jamaa. Tena waliona kwamba bila simu huwezi kumwita mganga wa ng'ombe upesi. Basi wengi waliijengea simu kibanda kidogo huko nje, mbali na nyumba. Simu ipo, lakini haiketi mezani. Vivyo hivyo wengi katika Lancaster hupoza maziwa yao kwa mashine ya mafuta, kwa sababu wanunuzi hawapokei maziwa yasiyopozwa. Desturi hizo zote, yaani yaliyoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, huitwa kwa Kijerumani Ordnung, maana yake utaratibu.

5. Usiku mmoja na asubuhi yake

Kila mwaka wageni mamilioni hufika Lancaster kutazama nchi hiyo. Wengi hulala katika hoteli. Lakini wengine hulala katika nyumba za wakulima. Nyumba nyingi za namna hiyo si za Waamishi wenyewe. Ni za Wamennonite na za wakulima wengine, jirani zao, watumiao umeme na motokaa. Wako pia Waamishi wanaokodisha chumba au nyumba ndogo kando ya nyumba yao.

Sababu ni ile ile ya Kilimanjaro. Waamishi huzaa watoto wengi, na mashamba hayaongezeki. Bei ya ardhi katika Lancaster imepanda sana. Bei ya maziwa nayo hupanda na kushuka. Baba mwenye watoto wanane hawezi kumnunulia kila mmoja shamba. Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 wengi wao wameingia katika kazi nyingine: useremala, kushona mablanketi ya vipande vya nguo, kuuza mikate na matunda njiani. Kupokea wageni ni moja ya kazi hizo.

Mgeni anayelala shambani hufika jioni. Huonyeshwa chumba chake: kitanda, blanketi, beseni na taulo. Akiwa katika nyumba ya Waamishi, mwanga ni wa taa ya gesi au ya betri. Hakuna televisheni, hakuna redio. Nje husikia kwato za farasi barabarani, kisha kimya. Watu wa miji mikubwa husema kwamba kimya hicho ndicho walichokifuata.

Saa kumi na moja alfajiri wenyeji wamekwisha kuamka. Ng'ombe wa maziwa hawangoji. Lazima wakamuliwe asubuhi na jioni, siku zote za mwaka, hata Jumapili, hata siku ya Noeli. Mgeni akitaka, hualikwa zizini. Watoto wa wageni huokota mayai na kulisha ndama. Wengi hawajapata kugusa ng'ombe tangu wazaliwe.

Halafu ni chakula cha asubuhi. Mezani pana mayai, mkate, siagi, matunda yaliyopikwa kwa sukari, nyama ya nguruwe, maziwa na kahawa. Isipokuwa kahawa na sukari, karibu vyote vyaweza kutoka katika mashamba yanayoonekana dirishani. Katika nyumba nyingi husali kabla ya kula, nao mgeni hungoja kwa heshima, hata kama dini yake ni nyingine.

6. Vitu visivyouzwa

Basi mkulima huuza usiku mmoja na chakula kimoja. Je, huuza kila kitu? Hapo ndipo Waamishi wanapofaa kuangaliwa. Wamekaa na wageni miaka mingi, nao wameweka mpaka.

Kwanza, hawauzi Jumapili. Vibanda vyao vya njiani vina maandishi yanayosema kwamba siku hiyo hakuna biashara. Siku ya Jumapili wageni hupita, na fedha zingepatikana. Wao hufunga.

Pili, hawauzi sura zao. Hawataki kusimama wapigwe picha. Huona kwamba picha ya namna hiyo huleta kiburi, tena hukumbuka amri inayokataza sanamu. Mgeni mwenye adabu hupiga picha ya shamba, ya farasi, ya daraja. Lakini nyuso za watu huziacha.

Tatu, hawauzi ibada yao. Hawana majengo ya kanisa. Kila Jumapili ya pili hukusanyika katika nyumba ya mmoja wao, kwa zamu. Mabenchi huletwa kwa gari la farasi. Hayo si maonyesho ya wageni.

Mpaka huo haushikwi na watu wote. Wako wageni wanaoinua simu zao mbele ya uso wa mtoto bila kuuliza. Wako wanaosimamisha motokaa mbele ya shule, wakawachungulia wanafunzi kama wanyama katika kizimba. Motokaa nyingi barabarani zimeleta na hatari, kwa maana gari la farasi huenda polepole na motokaa huenda mbio. Mwaka 1985 ilitoka sinema moja iliyochezwa katika nchi ya Lancaster, jina lake Witness. Wazee wa Waamishi hawakupendezwa nayo, lakini sinema hiyo iliwavuta watu wengi zaidi kuja kutazama.

Kwa hiyo kazi ya kupokea wageni ina faida, tena ina hasara. Huleta fedha ambazo hazingoji mavuno. Huzuia vijana wasikimbie shamba. Lakini huleta macho ya watu. Mtu anayetazamwa kila siku anaweza kuanza kuishi kwa ajili ya watazamaji. Atavaa nguo za wazee kwa kuwapendeza wageni, naye moyoni hajali tena mambo ya wazee. Siku hiyo hakuuza chumba tu. Amejiuza yeye mwenyewe.

7. Mgeni asiye na kitu

Kuna njia moja ya kupima kama ukarimu ungali hai katika nyumba inayopokea fedha. Mwangalieni mgeni asiyeweza kulipa. Hupokewaje?

Kwa Waamishi, ghala la mkulima likiungua, majirani hawangoji. Hufika kwa mamia, wakaja na nyundo, misumeno na mbao. Wanawake hupika. Mara nyingi mifupa ya ghala jipya husimama kwa siku moja tu. Wengi wao hawanunui bima. Bima yao ni jirani. Katika siku hiyo hakuna anayetoza, wala hakuna anayehesabu sahani.

Watu wa Uvira nao wanalijua jambo hilo. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 mvua kubwa ilinyesha. Mto Mulongwe na mito mingine inayoshuka milimani ikafurika, ikaleta matope na mawe katikati ya mji. Watu walikufa. Nyumba maelfu zilibomoka. Watu wengi walilala shuleni na makanisani. Wengine wengi walipokewa na jamaa, rafiki na jirani ambao nyumba zao zilibaki. Hata kabla ya hapo, mwaka 2015, Warundi wengi walivuka mpaka wakikimbia machafuko ya kwao. Kabla ya kufika kambi ya Lusenda, katika Fizi, wako waliolala katika nyumba za watu wasiowajua. Chumba cha watu watano kililaza kumi. Chungu kilekile kiliongezwa maji.

Wageni hao hawakuja kutazama nchi. Hawakuwa na kitu cha kulipa. Hata hivyo asubuhi waliulizwa, "Umelalaje?"

Basi swali la mwanzo lina jibu. Fedha haziui ukarimu. Kinachouua ni kusahau ni nini kinacholipiwa. Shuka hulipiwa. Sabuni hulipiwa. Mayai, maziwa, makaa na kazi ya mama hulipiwa, tena yafaa vilipiwe kwa haki, kwa maana mtu aamkaye saa kumi na moja kupikia wageni anafanya kazi kama mtu aendaye shambani. Lakini salamu hailipiwi. Kumtazama mtu kama mtu hakulipiwi, wala kwa mwenyeji wala kwa mgeni. Mwenyeji akiwapa hayo wanaolipa tu, nyumba yake imekuwa duka.

8. Mambo ya kushika

Mwenyeji wa wageni wa kulipa:
Aseme bei kabla mgeni hajaweka mzigo chini, asiibadilishe asubuhi.
Afagie chumba, afue shuka, achemshe maji ya kunywa.
Amwonyeshe mgeni choo, maji na njia ya kutokea usiku.
Amweleze desturi za nyumba bila kuona haya: saa ya kula, saa ya kulala, mahali pasipoingiwa.
Asimlaze mgeni kitandani pazuri huku mama mzee wa nyumba analala vibaya.
Fedha zikija, wagawiwe na waliofanya kazi.

Mgeni:
Awasalimu wazee kwanza.
Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Akikataliwa, ashukuru, aweke simu mfukoni.
Ale alichopewa, au akatae kwa upole.
Asigawe fedha wala peremende kwa watoto njiani, wasije wakajifunza kuomba.
Akipewa jembe, alishike.

Maulizo

1. Kuna wageni wa namna gani mbili? Tofauti yao ni nini?
2. Eleza maana ya methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
3. Bei ya kahawa ilianguka kwa sababu gani baada ya mwaka 1989?
4. Kihamba ni nini? Taja mimea na mnyama wa kihamba, kuanzia juu mpaka chini.
5. Kwa nini mgeni wa Kilimanjaro hanywi kahawa aliyoichuma siku ile ile?
6. Waamishi waliijengea simu kibanda nje. Walikuwa na shabaha gani?
7. Taja vitu vitatu ambavyo Waamishi hawauzi. Katika nyumba ya kwenu ni vitu gani visivyouzwa?
8. Waulize wazazi au jirani: Mwaka 2020 walimpokea nani, au walipokewa na nani? Andika mistari kumi.

Hesabu. Tuseme mkulima mmoja anapokea wageni 3 kwa usiku 4. Kila mgeni analipa franka 20,000 kwa usiku. Chakula kimegharimu franka 90,000, makaa na sabuni franka 25,000, na dada aliyefua shuka amelipwa franka 35,000. Mkulima amebaki na franka ngapi? Tena fikiri: mama aliyepika siku zote 4 hakuandikwa katika hesabu hii. Apewe kiasi gani?